Seva Iliyosalia Accra

Mfanyabiashara wa Ukraine aliyelipa kodi mwaka 2017 hakuwa na namna rahisi ya kuikwepa programu iitwayo M.E.Doc. Ilitengenezwa na Linkos Group, kampuni ya kifamilia ya hapo Kyiv, na kazi yake haikuwa na mvuto wowote: kujaza fomu za kodi, kutuma ankara, kuwasilisha hesabu serikalini. Wahasibu walikuwa nayo, benki zilikuwa nayo, viwanda vilikuwa nayo. Kila baada ya muda ilijiunganisha yenyewe na seva za Linkos, ikapakua toleo jipya, ikaendelea na kazi. Nani angekaa kulichunguza toleo jipya la programu ya kodi? Mkenya anayewasilisha ritani zake za kodi kwa KRA siku za mwisho wa Juni anaijua hali hiyo: unaomba mfumo ufunguke tu, umalize, uende zako.

Kuanzia Aprili mwaka huo kulikuwa na wageni ndani ya seva hizo. Walipachika mlango wa siri kwenye matoleo mapya, wakayaacha yasambae kwa wateja, wakatulia. Tarehe 27 Juni, Jumanne, siku moja kabla ya sikukuu ya Katiba ya Ukraine, waliupitisha mzigo wao kwenye mlango huo.

Jina lililobaki midomoni mwa wataalamu ni NotPetya. Kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta mambo yalikwenda hivi. Mashine inajizima na kujiwasha yenyewe. Kioo kinakuwa cheusi, na maandishi yanakuarifu kwamba diski ina hitilafu, inarekebishwa, usizime. Asilimia zinapanda taratibu. Kumbe hakuna kinachorekebishwa: wakati huo ndipo linapovurugwa jedwali ambalo kompyuta hulitumia kujua kila faili liko wapi. Asilimia zikitimia unatokea ujumbe kwa herufi nyekundu. Lipa dola 300 kwa bitcoin, upewe ufunguo wa mafaili yako.

Ufunguo haukuwepo. Namba ndefu iliyoonyeshwa kwenye kioo, ambayo mlipaji alitakiwa kuituma ili apatiwe ufunguo wake, ilikuwa mkusanyiko wa herufi za kubahatisha zisizohusiana na kufuli lolote. Anwani ya barua pepe ya kuwasiliana na wakubwa wa mchezo ilikuwa moja tu kwa dunia nzima, na kampuni ya Ujerumani iliyoitoa iliifunga siku hiyohiyo. Mwizi mwenye njaa ya pesa haendeshi biashara kizembe namna hiyo. Dola 300 zilikuwa vazi la kihuni alilovaa mtu mwingine kabisa, mtu ambaye shida yake ilikuwa kufuta.

Ilirukaje kutoka mashine moja hadi nyingine? Kwa njia mbili, na zote mbili zina historia ya kusikitisha. Ya kwanza ilikuwa tundu katika sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta za ofisi moja kugawana mafaili. Tundu hilo liligunduliwa na shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA, ambalo badala ya kuiambia Microsoft lizibwe, lililitunza na kulitengenezea chombo cha kupenyea kikaitwa EternalBlue. Chombo kikaibwa. Aprili 2017 kikundi kilichojiita Shadow Brokers kilikimwaga hadharani, kila mwenye nia akachota. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka mwezi mmoja kabla, lakini viraka hutolewa leo na kubandikwa mwakani, wenye kompyuta za ofisi wanajua. Mwezi Mei kirusi cha WannaCry kilipita tunduni humo na kuzisimamisha hospitali za umma za Uingereza. Baadaye Marekani iliinyooshea Korea Kaskazini kidole.

Njia ya pili ilikuwa Mimikatz, programu iliyoandikwa na Mfaransa Benjamin Delpy kuionyesha Microsoft kwamba Windows inaacha nywila za watumiaji kwenye kumbukumbu ya mashine. NotPetya ilikusanya nywila hizo, hasa za mafundi wakuu wa mtandao ambao huingia kwenye kompyuta za kila mtu, kisha ikazitumia kufungua kompyuta ya jirani kama mwenye nyumba. Kwa hiyo hata mashine zilizokwisha kubandikwa kiraka hazikusalimika. Ilitosha moja tu iliyosahaulika pembeni.

Piga hesabu ya silaha hii, basi: tundu lililohifadhiwa na Wamarekani, chombo cha Mfaransa, programu ya kodi ya Waukraine, na mkono uliokuja kutajwa kuwa wa Warusi. Mtandao wa benki moja kubwa ya Ukraine uliangushwa kwa sekunde 45. Mashine za kutolea fedha zikafa, wizara zikazima kompyuta, na kule Chernobyl, kwenye mabaki ya kinu cha nyuklia kilicholipuka mwaka 1986, wafanyakazi wakarudi kupima mionzi kwa vifaa vya mkononi.

Kama mambo yangeishia hapo, tungekuwa na sura ya kusikitisha ya historia ya Ukraine. Lakini makampuni yanayofanya biashara Ukraine hulipa kodi Ukraine. Katika bandari ya Odessa kulikuwa na ofisi ya kampuni ya meli ya Maersk, na mkuu wa fedha alikuwa amewaomba mafundi wamwekee M.E.Doc kwenye kompyuta moja. Moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kuingilia kampuni iliyobeba karibu sehemu ya tano ya uwezo wote wa usafirishaji wa makontena duniani.

Ukipita bandarini Kilindini au Kurasini utayaona makontena yake, yenye nyota nyeupe ya pembe saba juu ya buluu hafifu. Makao makuu yako Copenhagen, Denmark. Mchana ule wafanyakazi waliona vioo vikizimika kimoja baada ya kingine, safu hadi safu. Watu wakakimbia korido kwa korido wakipiga kelele kompyuta zizimwe, wengine wakichomoa nyaya katikati ya mikutano. Ilichukua zaidi ya saa mbili kuutenganisha mtandao wote wa kampuni, na wakati huo hata simu za mezani zilikuwa zimekufa, kwa sababu nazo zilipita humohumo.

Meli zenyewe hazikuguswa. Ziliendelea kukata mawimbi, kompyuta zake za usukani zikiwa salama, huku bandarini zinakokwenda hakuna anayeweza kujua zimebeba nini. Meli ya makontena hutanguliza orodha yake ya mzigo kwa njia ya kompyuta, na programu ya kuipokea ndiyo iliyofutwa. Kreni inaweza kunyanyua kontena. Haiwezi kujua la kuliweka juu ya lipi, wala lipi lina nyama inayohitaji umeme wa ubaridi. Katika gati la Elizabeth, New Jersey, malori yalijipanga foleni ya maili nyingi nje ya lango lililofungwa. Vituo 17 kati ya 76 ambavyo Maersk ilikuwa ikiviendesha duniani vilikwama hivyo. Wakala wa forodha popote pale anaweza kuumaliza mwenyewe mkasa huu: mzigo upo, unauona kwa macho, na hakuna karatasi ya kuutoa.

Hapo ndipo Ghana inapoingia.

Kituo cha kuokoa mifumo kiliwekwa Maidenhead, magharibi ya London. Ghorofa nzima ikajaa watu wa kompyuta kutoka kila pembe, wengine wakilala hotelini, laptopu mpya zikinunuliwa madukani kwa mafurushi. Nakala za akiba za seva nyingi zilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu kimoja kisicho na mbadala: nakala ya lile daftari kuu la mtandao, linalosema nani ni mtumiaji, ana nywila gani, anaruhusiwa kufungua nini. Bila hiyo, kurudisha seva nyingine zote ilikuwa kazi bure. Maersk ilikuwa na seva za daftari hilo kama 150, zimetawanywa duniani, zote zikinakiliana saa zote. Mpango ulikuwa wa busara: ikifa moja, zilizobaki zinashika nafasi. Haukuwa umewaza siku ya kufa zote pamoja.

Wakapiga simu nchi hadi nchi, mamia ya simu, wakiulizia kama kuna iliyobaki. Ikapatikana moja, Accra. Muda fulani kabla ya shambulio umeme ulikuwa umekatika Ghana, seva ikazimika, na NotPetya ilipopita ikaikuta haipo hewani. Daftari zima la Maersk lilikuwa limesalimika kwa sababu ya kitu tunachokilaani kila jioni.

Kulikuwa na vikwazo viwili, na kila Mwafrika anaweza kuvibashiri. Intaneti ya ofisi ya Accra ilikuwa nyembamba mno kutuma data zote hizo. Ingechukua siku kadhaa. Wakasema basi, mtu apande ndege alete diski. Katika ofisi ya Accra hakuna aliyekuwa na viza ya Uingereza. Mwandishi Andy Greenberg, aliyeufuatilia mkasa huu kwa karibu kuliko wote, anaeleza jinsi walivyopokezana vijiti: mfanyakazi wa Ghana alisafiri hadi Nigeria, akakutana uwanja wa ndege na mwenzake wa huko, akamkabidhi diski, na huyo wa pili akapanda ndege ya saa sita na nusu hadi Heathrow. Kampuni yenye meli karibu 800 ikafufuliwa na kitu kilichobebwa mkononi na abiria.

Januari 2018, kwenye mkutano wa Davos, mwenyekiti wa Maersk, Jim Hagemann Snabe, alitaja hesabu yenyewe: seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 zilipangwa upya ndani ya siku kumi. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Nambari iliyonivuta mimi ni nyingine. Katika siku hizo kumi, alisema, mzigo waliousafirisha ulipungua kwa asilimia 20 tu. Asilimia 80 ilipita kwa mikono ya watu: kwa karatasi zilizobandikwa kwenye makontena, kwa barua pepe za Gmail za binafsi, kwa WhatsApp.

Kampuni nyingine hazikuwa na bahati ya umeme kukatika. Ya dawa, Merck ya Marekani, ilipoteza mashine 10,000 katika sekunde 90 za mwanzo, na kabla ya mwisho zilifika 40,000. Ilibidi iazime chanjo yake yenyewe ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi kutoka akiba ya serikali. Watengenezaji wa biskuti Mondelez, wasafirishaji vifurushi TNT, wajenzi Saint-Gobain wa Ufaransa, wote waliangukiwa. Hata Rosneft, kampuni ya mafuta ya serikali ya Urusi, iliguswa. Ikulu ya Marekani ilikadiria hasara ya jumla kuwa dola bilioni 10. Februari 2018 Uingereza na Marekani zilitangaza kwamba aliyefanya ni jeshi la Urusi, na Oktoba 2020 waendesha mashtaka wa Marekani waliwataja kwa majina maofisa sita wa Kitengo 74455 cha GRU, idara ya ujasusi wa kijeshi. Moscow ilikana, kama kawaida.

Nimekaa sana kwenye Jumanne moja kwa sababu ndiyo inayotuonyesha jambo hili kwa ukubwa wake halisi. Lakini silaha za namna hii zilikuwa zimeshaanza kutumika. Miaka saba kabla, mwezi Juni 2010, mtaalamu wa kampuni ndogo ya Belarus aitwaye Sergey Ulasen aliombwa kuangalia kompyuta ya mteja wa Iran iliyokuwa ikijizima hovyo, akakutana na kirusi ambacho baadaye kiliitwa Stuxnet. Kililengwa kwenye kiwanda cha Natanz, ambako mashine ndefu nyembamba huizungusha gesi ya urani kwa kasi ya kutisha ili kuirutubisha. Stuxnet ilivishika vidhibiti vya kidijiti vya Siemens vilivyoziongoza mashine hizo, ikaipandisha kasi hadi pasipovumilika, ikaishusha karibu na kusimama, ikairudisha. Wakati huohuo iliwaonyesha wasimamizi vipimo ilivyovirekodi siku za amani, kwa hiyo kwenye vioo vyao kila kitu kilikuwa shwari huku mashine zikipasuka. Wachambuzi walikadiria takriban 1,000 ziliharibika. Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba ni kazi ya Marekani na Israel. Serikali hizo mbili hazijakiri rasmi hadi leo.

Agosti 2012, katika siku za mwisho za Ramadhani, ofisi nyingi zikiwa tupu, ikaja zamu ya kampuni ya mafuta ya Saudia, Aramco. Kirusi cha Shamoon kilifuta kompyuta zipatazo 30,000 na kuacha kipande cha picha ya bendera ya Marekani ikiungua. Visima viliendelea kutoa mafuta, lakini ofisini watu walirudi kwenye faksi na taipureta. Maofisa wa Marekani walisema ni Iran.

Mfano ninaotaka kuusogelea zaidi ni wa 23 Desemba 2015, mji wa Ivano-Frankivsk, magharibi ya Ukraine, kwenye chumba cha kuongozea umeme cha kampuni ya mkoa. Alasiri ya saa tisa na nusu, msimamizi mmoja aliona kishale cha kipanya chake kikitembea chenyewe kwenye kioo. Alikuwa hajagusa kitu. Kishale kikaelekea kwenye alama ya swichi ya kituo kimoja cha kupozea umeme, kikabofya, kisanduku kikauliza una hakika, kikabofya tena. Mahali fulani nje ya mji taa zikazimika. Msimamizi akakishika kipanya, hakitii. Kishale kikahamia kituo kinachofuata. Alipojaribu kuingia upya kwenye mfumo alikuta nywila yake imebadilishwa.

Vituo takriban 30 vilizimwa hivyo, katika kampuni tatu, na wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme wakati wa majira ya baridi. Washambuliaji walikuwa wamepanga kila kitu: waliufurikisha mtandao wa simu za malalamiko ili wateja wasisikilizwe, wakakata umeme wa akiba wa vyumba vya kuongozea vyenyewe, wakafuta kompyuta, wakaharibu vifaa vinavyopeleka amri vituoni ili visiweze kuamrishwa tena kutoka mbali. Kisha mafundi wakapanda magari, wakaenda kituo baada ya kituo, wakazirudisha swichi kwa mkono. Ndani ya saa chache, sita hivi kwa zilizochelewa, taa zikarudi. Mitambo ile ya kizamani, ya tangu enzi za Kisovieti, ilikuwa bado na vishikio, na mafundi walikuwa bado wanajua kuvitumia. Mtandao wa umeme wa kisasa zaidi ungelala gizani muda mrefu zaidi, na kuna nchi tajiri ambazo wahandisi wake walisoma ripoti ile wakajikuna vichwa.

Siku hiyohiyo ya 23 Desemba, New York, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzitaka nchi ziongozwe na ripoti ya wataalamu kutoka mataifa 20 kuhusu mwenendo mwema kwenye mitandao. Miongoni mwa yaliyoandikwa humo: nchi isiharibu kwa makusudi miundombinu muhimu ya nchi nyingine inayohudumia umma. Marekani ilikuwa na mtaalamu wake mezani. Urusi pia. Ghana na Kenya zilikuwepo.

Sasa, je, hivi ni vita? Mwaka 2012 waziri wa ulinzi wa Marekani, Leon Panetta, aliwatisha watu kwa kulinganisha na shambulio la Wajapani la Pearl Harbor: treni zitapinduliwa, maji yatatiwa sumu. Mwaka uliofuata msomi Thomas Rid akachapisha kitabu kilichotangaza tangu jalada kwamba vita vya mtandao havitatokea. Hoja yake ni kwamba tendo la vita lazima liwe na ukatili wa kimwili na lengo la kisiasa linalotangazwa na mwenye nalo, na mashambulio haya ni hujuma, ujasusi na uchochezi, mambo ya kale kwa vifaa vipya. Naona Rid alishinda mjadala wa jina, lakini wa Maersk na wa Ivano-Frankivsk hawakupunguziwa chochote na ushindi huo.

Mwaka 2022 ulileta jaribio lenyewe. Usiku wa kuamkia 24 Februari, saa chache kabla vifaru vya Urusi kuvuka mpaka, programu za kufuta data zilimwagwa katika ofisi za Ukraine, na modemu za setilaiti za kampuni ya Viasat zilichomwa kidijiti kwa maelfu. Madhara yalivuka mpaka kama kawaida: mitambo 5,800 ya kufua umeme wa upepo huko Ujerumani ilipoteza mawasiliano na wasimamizi wake. Wengi tulitarajia giza la nchi nzima lije kwa kompyuta. Lilipokuja, kuanzia Oktoba mwaka ule, lilikuja kwa makombora. Ukiwa na kombora na huoni aibu kulirusha, ya nini kuhangaika miezi mitatu ndani ya seva ya mtu?

Hapa ndipo nilipofikia mimi baada ya kuzisoma habari hizi zote. Programu haribifu si silaha ya kilele cha vita. Ni silaha ya ule wakati ambao hakuna vita, wakati balozi bado wako kwenye nyumba zao na meli bado zinatia nanga. Inamwezesha mwenye nayo kuumiza na kesho yake kuhudhuria mkutano. Hata vita vikiwepo, hutumika palipo na kitu ambacho bomu halikifikii vizuri. Desemba 2023 kampuni ya simu ya Kyivstar, yenye wateja milioni 24, ilifutwa mifumo yake, na kwa siku kadhaa mamilioni ya watu hawakuweza kupiga simu. Baadhi ya maeneo hata ving'ora vya tahadhari ya makombora vilivurugika. Msomaji wa Nairobi, Dodoma au Bujumbura anayeweka mshahara, karo na pesa ya matibabu ndani ya laini ya simu hahitaji nimfafanulie uzito wa habari hiyo.

Na kwa sababu ni silaha ya wakati usio na vita, shida yake kubwa ni kujua nani kaitupa. Kenya ilionja kidogo. Julai 2023 mfumo wa huduma za serikali wa eCitizen ulizidiwa kwa siku kadhaa na maombi bandia, watu wakakosa pasipoti, tiketi za treni ya SGR na tokeni za umeme, na wageni wakapewa viza walipofika kwa sababu hawakuweza kuomba mtandaoni. Hakuna kilichofutwa; mlango tu ulizibwa. Kikundi cha Anonymous Sudan kilijitokeza kudai kazi hiyo, na wachambuzi wengi waliapa kwamba nyuma yake ipo Urusi. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walifungua jalada: walioshtakiwa walikuwa ndugu wawili wa Kisudani. Ingekuwaje kama serikali fulani, kwa hasira ya wiki ile, ingejibu mapigo kwa kufuata maoni ya wachambuzi?

Wanasheria wameparamia mlima huu kwa miaka. Januari 2024, Addis Ababa, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lilipitisha msimamo wa pamoja kuhusu sheria za kimataifa mitandaoni, na humo kuna jambo ambalo mataifa makubwa hayajalipenda: kuingilia bila idhini miundombinu ya TEHAMA iliyo ndani ya nchi ni kukiuka mamlaka ya nchi hiyo, hata kama madhara ni madogo. Uingereza haikubali kwamba kuna kanuni kama hiyo. Naielewa Afrika. Nchi ambayo haina silaha hizi, na ambayo biashara yake yote inapita kwenye mifumo ya wengine, ina kila sababu ya kutaka mstari uchorwe mlangoni kabisa.

Swali la vita au si vita, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kufika mahali pengine, kwa njia ya pesa. Merck ilikuwa na bima, ikadai dola bilioni 1.4. Kampuni za bima zikafungua mkataba kwenye kipengele cha vita, kile cha kizamani kinachosema hasara iliyosababishwa na uhasama wa serikali au jeshi hailipwi, zikasema: walioshambulia ni Warusi, ninyi wenyewe mmesikia serikali yenu. Zurich iliwajibu vivyo hivyo Mondelez, waliokuwa wakidai dola milioni 100; kesi hiyo ikamalizwa kwa mapatano mwaka 2022. Merck walikwenda mbele. Mahakama za New Jersey, ya chini kisha ya rufaa Mei 2023, ziliwapa haki: kipengele kile kiliandikwa kwa ajili ya majeshi na mapigano, na kampuni ya dawa iliyoharibikiwa kwa sababu ya toleo jipya la programu ya kodi haikuwa kwenye mapigano yoyote. Bima wakakata rufaa mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Januari 2024, kabla ya majaji kutoa neno, pande mbili zilipatana, masharti yakabaki siri.

Bima hawakusubiri majaji. Kuanzia 31 Machi 2023 soko la Lloyd's la London, ambalo hubeba sehemu kubwa ya bima za mizigo na meli duniani, liliwaagiza wanachama wake waingize kipengele kipya kwenye bima za mtandao: hasara itokanayo na shambulio lililoungwa mkono na serikali, likiwa kubwa kiasi cha kudhoofisha utendaji wa nchi, haitalipwa, vita vitangazwe au visitangazwe. Mkataba unatakiwa pia kueleza ni kwa utaratibu gani itaamuliwa kwamba shambulio fulani ni la serikali fulani. Kwa hiyo jambo lililowashinda mabalozi New York sasa lina utaratibu wake kwenye kurasa za ndani za mkataba wa bima, na mtu wa kwanza kulitolea jibu atakuwa mkadiria hasara, akiwa na faili la mteja mkononi na kampuni ya kulipa nyuma yake.